Joan Sutherland na Sauti Aliyofichwa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa kwaya wa Nyamagana na Ilemela, nanyi mliovuka kwa kivuko kutoka Sengerema,

Nimeombwa nieleze maisha ya Joan Sutherland, mwimbaji wa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, nami nitakaa zaidi kwenye miaka yake ya mwanzo. Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1926, akajifunza kuimba kwa kumsikiliza mama yake akifanya mazoezi nyumbani. Alifanya kazi ya kupiga taipu, kisha mwaka 1951 akaenda London, na mwaka uliofuata jumba la opera la Covent Garden likamwajiri. Yeye mwenyewe aliamini kwamba sauti yake kubwa ilifaa michezo mizito ya mtunzi Mjerumani Wagner.

Aliyekataa ni mpiga piano Richard Bonynge, aliyemwoa mwaka 1954. Kwa kuwa Joan hakuweza kuitambua noti kwa kuisikia tu, Bonynge alimsimamisha mahali asipoona vibao vya piano, akawa anapandisha mazoezi kidogo kidogo, na mkewe akafika juu asikothubutu kwenda huku akidhani bado yuko chini. Mimi nilimweka binti mmoja sauti ya pili miaka minne, kwa sababu tu upande ule ulikuwa na watu wachache. Siku moja mwaloni Kirumba nikamsikia akiita mtumbwi kwa sauti ya juu kabisa, nikaona aibu.

Uimbaji ambao Bonynge alimwelekeza mkewe huitwa koloratura: silabi moja hubeba noti nyingi zinazokimbia, kila moja ikisikika peke yake kama punje za mtama zinavyodondoka kwenye ungo. Aghalabu ni kazi ya sauti nyembamba. Ya Joan ilikuwa pana, na bado ilikimbia.

Tarehe 17 Februari 1959 aliimba *Lucia di Lammermoor*, opera ya mtunzi Mwitaliano Donizetti, akiwa bibi harusi aliyerukwa na akili baada ya kumuua mumewe usiku wa ndoa, na kuanzia hapo milango ikafunguka: Venice wakamwita La Stupenda, yaani mwanamke wa kustaajabisha, New York wakampokea mwaka 1961, naye akaimba hadi 1990. Alifariki mwaka 2010.

Walimlaumu, na kwa haki, kwamba maneno yake hayakusikika vizuri. Katika kwaya zetu, ambako neno ndilo mahubiri, angepunguziwa alama. Nimekuja na rekodi yake ya Lucia. Sikilizeni pale anapoanza kujibizana na filimbi.