Kiserbia na Kigalisia: maandishi yako yanasema wewe ni ndugu wa nani (mhadhara)

Haya jamani, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Najua wapo walioona tangazo wakajiuliza hizi lugha mbili zimekutana wapi, maana Kiserbia kiko huko Balkani na Kigalisia kiko Galicia, jimbo la kona ya kaskazini magharibi ya Hispania, juu kidogo ya Ureno (na Galicia hii sio ile ya upande wa Poland na Ukraine, majina tu yamegongana). Jibu ni kwamba hazijakutana popote. Undugu upo ila wa mbali mno, zote ni za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, moja Kislavi cha kusini nyingine imezaliwa na Kilatini, so ukichimba utakuta mbili ni dva kule na dous huku, tatu ni tri na tres, usiku ni noć na noite, baada ya hapo unaanza kutoa jasho.

Mimi nazipenda pamoja kwa sababu nyingine kabisa. Zote mbili zilipata maandishi yake ya kisasa karne ya 19 kutoka midomoni mwa watu wa vijijini, na mpaka leo jinsi unavyoziandika ndo inamwambia mtu unajihesabu ndugu wa nani.

Tuanze na Vuk Karadžić, kazaliwa 1787 kijiji cha Tršić, mtoto wa wafugaji. Wakati ule Mserbia msomi alikuwa anaandika mchanganyiko wa lugha ya kanisani na Kirusi ambao mama yake nyumbani haelewi. Vuk akaenda Vienna na kichwa kimejaa nyimbo za kwao, 1814 akatoa kitabu kidogo cha nyimbo, halafu akaendelea kukusanya tena kwa miaka, kwa waimbaji kama yule kipofu Filip Višnjić mpiga gusle (ala ya nyuzi ya kwao), na kwa wanawake vipofu pia, na hawa wanawake huwa wanasahaulika sana kwenye hadithi hii wakati nyimbo zao ni nzito kweli kweli. 1818 akatoa kamusi, na ndani yake alfabeti mpya ya Kisirili (yaani herufi za aina ya Kirusi): sauti moja herufi moja, na leo ina herufi 30 basi. Akatupa zisizo na kazi, akaunda mpya, na akachukua j kutoka herufi za Kilatini, yaani hizi tunazoandikia sisi. Hiyo j ndo ilimponza! Wakuu wa kanisa la Kiorthodoksi wakasema huyu anatupeleka kwa Wakatoliki. Herufi moja tu jamani. Serbia yenyewe ilikuja kuikubali rasmi alfabeti yake 1868, na Vuk alishafariki 1864.

Sasa vuka bara zima uende Galicia. Zamani za kati Kigalisia na Kireno vilikuwa lugha moja, na ilikuwa lugha ya heshima, hata mfalme Alfonso wa kumi wa Castilla nyimbo zake za kumsifu Bikira Maria zimeandikwa kwa lugha hiyo. Halafu ikaja kitu kama miaka mia tatu ya kimya ambayo wenyewe wanaiita karne za giza, mahakama Kihispania, kanisa Kihispania, na Kigalisia kikabaki shambani na baharini kwa wavuvi. 1863 Rosalía de Castro akatoa Cantares gallegos, mashairi yaliyojengwa juu ya nyimbo za watu, na kwenye dibaji anasema wazi kwamba hana sarufi wala kanuni za kufuata, lugha kaipata kwa watu wa vijijini kwake. Ndo maana siku ya fasihi ya Kigalisia inaadhimishwa tarehe 17 mwezi wa tano, kuanzia 1963, miaka mia ya kitabu hicho.

Kuna sauti moja nataka muisikilize, ile ny ya nyumba. Lugha zote mbili wanayo. Mserbia, ambaye anatumia alfabeti zote mbili, anaiandika nj kwa herufi za Kilatini, na kwa Kisirili anaandika њ, ambayo Vuk kaibandika kutoka herufi mbili za zamani. Mgalisia anaandika ñ kama Mhispania. Ila wapo Wagalisia wanaosema hapana, sisi na Wareno ni lugha moja, kwa hiyo wanaandika nh kama Lisbon. Sauti ni ileile, haijabadilika hata kidogo, lakini mtu akiona tu hiyo herufi kwenye meseji yako keshajua msimamo wako. Kanuni rasmi za 1982 zilichagua ñ, marekebisho ya 2003 yakasogea kidogo upande wa Kireno, mfano asante ikawa grazas badala ya gracias, lakini ñ haikuguswa.

Huko Balkani ni vilevile ila kwa kinyume. Mgalisia anabishana kama aungane na jirani, wakati Mserbia, Mkroati, Mbosnia na Mmontenegro wanaelewana bila mkalimani na baada ya Yugoslavia, nchi iliyowaunganisha, kuvunjika kila mmoja lugha yake ina jina lake. Katiba ya Serbia ya 2006 inataja Kisirili kuwa maandishi rasmi, ila tembea Belgrade uangalie mabango na magazeti, herufi za Kilatini zimejaa.

Kwenye sarufi nitaenda haraka. Kiserbia nomino zinabadilika kwa hali saba, kufuatana na kazi yake kwenye sentensi, Kigalisia nomino imetulia. Ila angalieni hapa: muda wa kula, Mserbia anasema vreme je da jedemo, yaani ni wakati tule. Mgalisia anasema é hora de comermos, kachukua "kula" akaipachika "sisi" mwishoni. Mmoja kaikwepa ile kula, mwingine kaivalisha mtu, na wote wamefika palepale, kwamba mlaji lazima ajulikane. Mswahili hapa hapati shida kabisa.

Kuna dada pale kauliza ipi iko hatarini. Ni Kigalisia, bila kuzunguka. Kiserbia kina dola, kina jeshi la walimu, ugomvi wake ni wa jina na herufi. Kigalisia ni lugha rasmi ya jimbo pamoja na Kihispania tangu 1981, lakini watoto wa miji mikubwa ya huko kama Vigo na A Coruña wanacheza kwa Kihispania. Na mimi ugomvi wa ñ na nh ningeuacha kwanza nikaangalia agizo la 2010 la serikali ya jimbo lenyewe, linalosema mtoto wa sekondari asome jiografia na historia kwa Kigalisia, ila hesabu, fizikia, kemia na teknolojia kwa Kihispania. Hilo linaniuma kuliko herufi yoyote, kwa sababu mtoto sio mjinga, anaona kabisa lugha ya bibi yake imepewa masomo gani na imenyimwa yapi.