Nyigu na Mlango wa Bafu: Mhadhara juu ya The Shining na Filamu Zake

Ndugu zangu, asanteni kwa kujitokeza. Mwenyekiti amenionya nisivuke saa moja, kwa sababu ananifahamu. Wahenga walisema penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Mimi leo naumwaga wote. Nitasema nani anakufa na anakufaje, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu ana ruhusa ya kutoka sasa hivi. Hakuna? Haya.

Riwaya yenyewe ni The Shining ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1977. Nimeisoma mara sita, na nakala yangu imeshonwa upya kwa uzi.

Naanza na nyigu, kwa sababu wengi wanaoijua hadithi hii kupitia filamu hawajui kama ndani yake kuna nyigu. Jack Torrance ni mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kumpiga mwanafunzi. Amewahi kuwa mlevi, na siku moja, kwa hasira ya karatasi zake kumwagiwa bia, alimvunja mkono mwanawe mdogo. Sasa ameacha pombe. Amepata kazi ya kulinda hoteli iitwayo Overlook kwenye milima ya Colorado, Marekani, hoteli inayofungwa majira yote ya baridi kwa sababu theluji huziba barabara. Anakwenda na mkewe, Wendy, na mwanawe, Danny, mwenye umri wa miaka mitano. Danny ana kipaji cha kusikia mawazo ya watu na kuona yaliyopita na yajayo. Mpishi wa hoteli, Hallorann, ambaye naye anacho, anakiita kung'aa.

Kabla theluji haijaanza, Jack anapanda kutengeneza paa na anakuta kiota cha nyigu. Anakipuliza kwa dawa ya moshi, anangoja, anakikagua, anaona kimekufa. Ni kizuri kukitazama, basi anampa mtoto zawadi. Mtoto anafurahi mno, anakiweka chumbani mwake. Usiku nyigu hai wanatoka ndani ya kiota kilichokufa na kumuuma mkononi. Ni mkono tena, mnaona? Na baba anafanyaje? Anaupiga picha mkono uliovimba, apate ushahidi wa kuwashtaki waliotengeneza dawa.

Kwangu mimi riwaya nzima imo humo. Zawadi ya baba mwenye mapenzi ya kweli, aliyeua sumu kwa mikono yake na kujiridhisha kwamba imekwisha, kumbe haijakwisha. Baadaye tunajua kwamba baba yake Jack naye alikuwa mlevi, na kwamba aliwahi kumpiga mkewe kwa bakora mezani, mbele ya watoto wake. Mizimu ya hoteli inakuja kumalizia kazi iliyoanza zamani. Kuna na boila kule chini, mashine kuukuu ya kupashia hoteli joto, ambayo presha yake lazima ipunguzwe kila siku la sivyo itapasuka. Jack anaitunza mpaka siku anayoisahau.

King aliipata hadithi hii mwaka 1974, katika hoteli ya Stanley mjini Estes Park, huko huko Colorado. Yeye na mkewe, Tabitha, walifika hoteli ikiwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi, wakawa karibu peke yao katika jengo zima. Walilala chumba namba 217. Usiku aliota mwanawe anafukuzwa na mpira wa kuzimia moto kwenye korido. Akaamka jasho linamtoka, akawasha sigara, na kwa maelezo yake mwenyewe, sigara ilipokwisha mifupa ya kitabu ilikuwa imesimama. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kuacha pombe, aliandika kwamba alikitunga kitabu hiki bila kutambua kuwa alikuwa anajiandika mwenyewe. Maneno hayo yalinifanya nirudi kukisoma mara ya tatu.

Sasa filamu. Stanley Kubrick aliitoa mwaka 1980, Jack Nicholson akiwa Jack, Shelley Duvall akiwa Wendy. Mara ya kwanza niliitazama nikiwa na kitabu magotini, na nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nyigu hakuna. Boila ipo kwa kupita tu. Miti ya bustani iliyokatwa maumbo ya wanyama, ile inayosogea ukigeuza uso, imeondolewa, na mahali pake pamewekwa bustani ya vichochoro vya kupoteza njia. Hapo nakiri upesi kwamba Kubrick alifanya vizuri. Kwa ufundi wa filamu wa siku zile simba wa majani angetuchekesha.

Chumba 217 kimegeuka 237. Hili lina kisa chake. Picha za nje zilipigwa kwenye hoteli ya Timberline Lodge, jimbo la Oregon, na wenyewe waliomba namba ibadilishwe, kwa sababu chumba 217 wanacho na 237 hawana. Waliogopa wageni watakikataa. Kilichotokea ni kwamba wageni wanakigombania hicho hicho 217. Ndani ya hoteli tunayoiona kwenye filamu ilijengwa studio, Elstree, Uingereza.

Ila dhambi ambayo sikuisamehe ni ya Hallorann. Katika kitabu yule mzee anasikia kilio cha mtoto kichwani mwake akiwa Florida, anapanda ndege, anapambana na theluji, anafika, anapigwa, anasimama, na anawatoa mama na mtoto. Katika filamu anafanya safari yote hiyo, na sisi tunaifuata hatua kwa hatua, halafu anaingia mlangoni na kupigwa shoka la kifua. Basi. Nilizima.

King mwenyewe hakuipenda, wala hakuficha. Alisema ni kama Cadillac kubwa ya kupendeza isiyokuwa na injini. Alilalamika kwamba Nicholson anaonekana kichaa tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo hana pa kuporomokea, na kwamba Wendy amefanywa mwanamke wa kupiga mayowe tu. Alisema pia kitabu chake ni cha moto na filamu ni ya baridi: kitabu kinaisha kwa boila kupasuka na hoteli kuungua, filamu inaisha kwa Jack kuganda barafuni kwenye vichochoro vya bustani. Kwa miaka kadhaa maneno hayo niliyabeba kama yangu. Ungenikuta mahali, ningekuhutubia.

Halafu likatokea jambo dogo. Nilikuwa naitazama na jamaa yangu mmoja, mtu mzima, ambaye baba yake alikuwa mlevi. Mimi nakosoa, yeye kimya. Tukafika pale Wendy amejifungia bafuni na kisu mkononi, shoka linaupasua mlango. Jamaa yangu akasema taratibu, "Ndivyo mlango unavyolia." Hakuongeza neno, nami sikumuuliza.

Tangu siku hiyo nikaanza kuitazama upya, na leo nawaletea nilichokiona. King anatuingiza vichwani mwa watu wote wa familia ile, lakini kichwa kinachotukaa ni cha Jack. Tunazijua aibu zake. Tunajua kiu yake ilivyo, na namna anavyoitafuna aspirini kavu kama zamani akiamka na uchovu wa pombe. Tunajua anampenda mwanawe, kwa sababu tumekaa ndani ya pendo hilo kurasa kwa kurasa. Lakini Wendy hakai humo, wala Danny, hata kwa kipaji chake chote, hawezi kuishi ndani ya moyo wa baba. Wao wako upande wa pili wa mlango. Kubrick aliiweka kamera upande huo na kuiacha huko. Jack wake haeleweki kwa sababu aliye bafuni na kisu hana nafasi ya kumwelewa. Kama ni kichaa tangu mwanzo, jiulizeni ni nani aliyekuwa anamtazama tangu mwanzo.

Nina ushahidi, na unahusu nakala. Filamu ile ina nakala mbili zilizozagaa: ya Marekani, dakika 144, na ya nje ya Marekani, dakika 119, ambayo Kubrick mwenyewe aliikata. Niliyoiona mimi kwanza ilikuwa fupi. Ndani ya zile dakika 25 zilizokatwa kuna Wendy anazungumza na daktari aliyekuja kumwangalia Danny. Anamweleza jinsi mkono wa mtoto ulivyoteguka. Anatabasamu. Sigara iko mkononi, majivu yanarefuka, hakung'uti. Anasema ilikuwa ajali, na kwamba tangu hapo mumewe hagusi pombe, kwa hiyo lina heri yake. Daktari anamtazama tu. Nilipoiona hiyo nakala ndefu nilirudisha nyuma mara tatu. Nyigu hawakuwamo, lakini kiota kilikuwapo: mdomoni mwa mama, kimekaguliwa, kimetangazwa kimekufa.

Duvall aliulipia uso ule. Alisimulia kwamba Kubrick alimliza saa 12 kwa siku, wiki baada ya wiki. Zawadi aliyopata ni kuteuliwa na watani wa tuzo za Razzie kuwa mwigizaji mbovu wa mwaka. Kubrick naye aliteuliwa mwongozaji mbovu. Uteuzi wa Duvall waliufuta mwaka 2022, zaidi ya miaka 40 baadaye. Alifariki mwaka 2024. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema analia vibaya, sijui kama kuna kulia vizuri.

Niruhusuni nichepuke kidogo, kwa kuwa naona mnapenda methali. Katika filamu kuna bunda la karatasi za kitabu anachodai Jack kukiandika, ambalo Wendy analikuta, sentensi moja imepigwa chapa mamia ya mara, Kubrick aliliandaa kwa lugha mbalimbali, na kila lugha ilipewa msemo wake. Kiingereza kinasema kazi bila michezo humfanya Jack azubae. Kiitaliano kinasema asubuhi ina dhahabu mdomoni. Cha Kijerumani mtakitambua mara moja, maana ni ndugu wa toka nitoke na chetu: linalowezekana leo lisingoje kesho. Hebu lione limepigwa chapa ukurasa baada ya ukurasa, na mwenye kulipiga amesimama nyuma yako. Kama angetuandalia sisi nakala ya Kiswahili, mimi ningemshauri "kazi na dawa", halafu neno "dawa" likosekane ukurasa mzima.

Turudi. Mwaka 1997 King alijitengenezea toleo lake, tamthilia ya televisheni ya sehemu tatu, aliyoiandika mwenyewe, Mick Garris akiiongoza, na waliipiga kwenye hoteli ile ile ya Stanley. Kila nilichokililia kimo: nyigu, boila, wanyama wa miti, hata Hallorann anapona. Nilikaa kuitazama kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Kufikia sehemu ya pili nilikuwa nasinzia. Wanyama wa kompyuta wanatembea kama vinyago vya plastiki, na kila mtu anaeleza anachohisi kwa sauti. Sina zaidi la kusema juu yake, nayo haina zaidi la kuniambia.

Nimalizie na ya mwisho. Mwaka 2013 King aliandika mwendelezo, Doctor Sleep: Danny amekuwa mtu mzima, anaitwa Dan, na ni mlevi. Mike Flanagan aliifanya filamu mwaka 2019, akiwa na kazi ya kusuluhisha wazee wawili waliogombana. Katika vitabu hoteli iliungua zamani. Katika filamu ya Kubrick haikuungua. Flanagan aliamua Dan arudi Overlook ikiwa bado imesimama, na King alikubali aliposimuliwa tukio moja: Dan anaingia ukumbini, anakaa baa, na aliye nyuma ya kaunta ni baba yake.

Ila baba hakubali kuwa baba. Anasema yeye ni mhudumu wa baa tu. Dan anamsimulia jinsi mama alivyokufa, anangoja. Yule mzee anamsukumia bilauri ya wiski. Sasa, aliyesoma kitabu cha 1977 anajua Dan anangoja nini. Katika kitabu, Jack akiwa ameshamezwa na hoteli, nyundo ya mti mkononi, anarudi kuwa yeye kwa nukta chache tu, anamwambia mtoto akimbie na akumbuke jinsi baba yake anavyompenda. Filamu ya 1980 haikumpa Danny maneno hayo. Miaka 39 baadaye amekuja kuyadai, na anapewa pombe.

Haigusi ile bilauri. Baadaye hoteli inamwingia yeye, kama ilivyomwingia baba yake, na shoka analibeba yeye, akimfukuza msichana aitwaye Abra, mwenye kipaji kama chake. Naye kwa nukta chache anarudi kuwa yeye, na anamwambia akimbie. Anashuka kwenye boila ambayo safari hii ameiacha ijae presha kwa makusudi. Moto unapanda. Anayemtokea katikati ya moto ni Wendy, na Danny amekuwa mtoto tena, anakumbatiwa na mama yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali, tafadhali, na yule bwana wa nyuma aliyetikisa kichwa nilipomsifu Kubrick, naomba aanze yeye.