Madaftari saba

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Kazi yangu ni tiba ya kisaikolojia, na nianze na madaftari. Alikuja kwangu dada mmoja, mhasibu, miaka 38. Miadi yetu ilikuwa Jumanne; akafika Jumatano, jasho linamtoka, anaomba radhi tangu mlangoni. Alipoketi akatoa mkobani madaftari saba, akayapanga mezani kama mtu anayetoa vielelezo mahakamani. Kila moja lilikuwa na kurasa tatu nne za mwanzo zenye mwandiko mzuri, tarehe juu, mistari ya rula. Baada ya hapo ni weupe mtupu mpaka jalada la nyuma. "Mimi si mvivu," akasema. "Ila sijui huwa ninakwenda wapi."

Ameniruhusu kuwasimulia, mradi nisitaje anakofanya kazi.

Wengi tukisikia ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu kuwa vigumu, tunamwona mtoto wa kiume anayeruka juu ya madawati. Mtoto huyo hukua, akaoa, akawa na mkopo wa benki. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unahitaji dalili 5 kwa mtu mzima pale ambapo kwa mtoto ni 6, na baadhi ziwe zilijitokeza kabla ya miaka 12. Ndiyo maana naanza kwa kuuliza ya zamani: ripoti za shule, mama, shangazi aliyekulea. Ripoti za dada huyu ziliimba wimbo mmoja kila muhula, kwamba ana akili ila hayupo darasani. Kumbe alikuwa amekaa kimya karibu na dirisha. Wasichana wa aina hiyo hawamsumbui mwalimu, basi hakuna anayeuliza.

Sasa tiba. Watu hudhani tutaanza na machungu ya utoto. Tutafika huko, lakini kwanza bili ya maji. Dada huyu hakukosa maarifa. Angeweza kunifundisha mimi kupanga ratiba. Shida ni kwamba anachokijua hakimjii saa anapokihitaji. Ukimwambia "jitahidi", umemrudishia neno analojiambia mwenyewe tangu darasa la pili.

Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walichapisha utafiti wa watu wazima 86 waliokuwa wanatumia dawa na bado wanahangaika. Baadhi walipewa vikao 12 vya tiba ya fikra na tabia: kupanga, kudhibiti usumbufu, kuzijibu fikra za kujidharau. Wengine walifundishwa kulegeza mwili na kuelezwa kuhusu hali yao. Wale wa kwanza walipata nafuu zaidi. Mimi siandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari, na wapo zinaowasaidia sana. Lakini dawa haikuandikii kalenda.

Niwaonyeshe jambo moja tu tulilofanya. Nilimpa kazi anayoichukia, kupanga risiti, nikamwambia aangalie saa pale mwili utakapotaka kuinuka. Dakika 11. Hatukugombana na hizo dakika 11, tukazifanya kipimo. Anaweka kengele ya simu, simu anaiacha kabatini, pembeni ana karatasi. Likimjia jambo haliendei, analiandika. Karatasi yake ya kwanza ilisomeka hivi: umeme umebaki uniti ngapi, nimpigie mama mdogo, kunguru wanalala wapi, kitambaa cha sare. Kengele ikilia anaisoma karatasi. Umeme kweli ulikuwa unakaribia kukata. Kunguru wakasubiri.

Wenye usonji (autism) nao huja kwangu, na wengine wana vyote viwili. Kwao mara nyingi naanza na taa na kelele za ofisini zinazowachosha. Na kama kunitazama usoni kunamsumbua, simfundishi mtu mzima kunikodolea macho ili mimi nijisikie vizuri.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi kilikuwa aibu. Nyumbani alikuwa na jina, "Mama Kesho", na wanaomwita hivyo wanampenda. Tuliandika kila mara jina hilo lilipomchoma, kisha akajiuliza: nilizembea, au nilisahau? Wiki ya tatu akamweleza mumewe tofauti ya hayo mawili. Mume akanyamaza, halafu akauliza kama yeye ndiye awe anashika ufunguo wa ziada wa nyumba. Msaada wa namna hiyo naupenda kuliko nasaha.

Madaftari sita yamegawiwa watoto. Lililobaki lina doa la mchuzi na limefika nusu. Juzi alikuwa na kikao saa nne asubuhi, akaitegesha simu saa 4. Ikamwamsha saa kumi alfajiri, nyumba nzima ikaamka naye. Alinisimulia huku anacheka, daftari likiwa wazi mapajani, ameshaandika kwa herufi kubwa: SAA YA SIMU, SAA YA MDOMO.