Siku Tatu Wales na Soksi za Watu

NEEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Neema, niko Leicester, chai iko mezani. Leo nimekaa mkao wa kusikiliza, maana kaka Mwinyi kanitumia ujumbe tangu Jumamosi asubuhi: "Dada, watoto wenu shuleni wanaibiana?"

MWINYI: Na sijajibiwa mpaka leo. Assalaam aleikum, jamani. Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu karudi Ijumaa kutoka safari ya shule, kule Wales milimani. Nimefungua begi nitoe nguo za kufua, nakuta soksi pea nne. Nzuri, nzito, zina manyoya ndani. Hata pea moja si yetu!

NEEMA: Na zenu ziko wapi?

MWINYI: Zetu zipo! Zimekunjwa vile vile alivyozikunja mama yake. Zimelowa tu, zinanuka kama dagaa wa juzi.

NEEMA: Haya, tutazirudia. Kwanza tuwaeleze walio nyumbani. Hapa Uingereza, shule nyingi za msingi watoto wakifika mwaka wa sita, ule wa mwisho kabla ya sekondari, wakiwa na miaka 10 au 11, hupelekwa kulala nje siku mbili tatu, hata wiki. Kunakuwa na kituo porini, kina mabweni, kina wakufunzi wake. Watoto wanapanda kuta, wanapiga kafi ziwani, wanatembea ndani ya mto, usiku wanakaa kwenye moto. Simu haziruhusiwi. Mimi ni msaidizi wa mwalimu, nimeshakwenda mara mbili, na mara zote mbili nimerudi sina sauti.

MWINYI: Hilo la simu ndilo lililotutoa roho. Barua ilipokuja, mke wangu hakusoma habari za kamba wala urefu wa mnara. Alisoma mstari mmoja: wazazi hawatazungumza na watoto mpaka warudi. Akaiweka barua chini ya sinia la matunda. Ikakaa wiki.

NEEMA: Kwa hiyo tatizo halikuwa mlima.

MWINYI: Mlima tunaujua? Tatizo ni mtoto wa kike kulala kwa watu. Mimi nimezaliwa Lamu, dada. Kwetu hata kulala kwa shangazi mtaa wa pili palihitajika kikao. Mama yangu akanitumia sauti: "Mwanangu, mwampeleka mtoto majabalini kufanya nini? Kwani hapo kwenu hapana pa kuchezea?" Sauti ya dakika nne. Dakika tatu na nusu ni dua.

NEEMA: Sasa mimi nakushangaa. Nilipelekwa bweni Morogoro nikiwa darasa la nne. Nina tranka la bati, ndoo, sabuni ya mche, na godoro limefungwa kwa kamba ya katani. Baba akanikabidhi kwa matroni, akageuka. Hakurudi mpaka siku ya wazazi, mwezi mzima. Hakuna aliyelia isipokuwa mimi.

MWINYI: Ndiyo, lakini bweni lina sababu. Mtoto anakwenda kusoma.

NEEMA: Ahaa. Kwa hiyo miezi mitatu ya hesabu na maharage yenye wadudu sawa, siku tatu za kucheza haramu.

MWINYI: Usiniwekee maneno mdomoni! Nasema tu, ukimwambia mzazi wa kwetu "anakwenda kucheza" na kuna pauni mia mbili na ushee za kulipa, anakuangalia.

NEEMA: Hapo kwenye pauni tusipite haraka, kuna wasikilizaji wa hapa hawajui. Sheria ya elimu ya mwaka 1996 inasema hivi: safari ikiwa sehemu kubwa yake iko ndani ya muda wa masomo, shule ya serikali haiwezi kukutoza kwa ajili ya masomo yenyewe. Ndiyo maana barua inasema "mchango wa hiari". Inachoruhusiwa kukutoza ni chakula na malazi. Na familia iliyo kwenye baadhi ya posho za serikali inasamehewa hata hiyo ya malazi. Nenda ofisini, uliza kwa sauti ya chini ukitaka, lakini uliza. Nimeona mtoto akibaki darasani na wenzake wako Wales kwa sababu mzazi aliona aibu kugonga mlango ule.

MWINYI: Mimi nililipa kwa mafungu. Halafu ikaja orodha ya vitu. Gambuti. Koti la mvua. Suruali mbili "ambazo hamjali zikiharibika". Dada, mimi suruali nisiyojali ikiharibika sina, wala sijawahi kuwa nayo. Tochi. Begi la kulalia. Na chini kabisa, kwa wino mzito: hakuna peremende wala vyakula kutoka nyumbani, hasa vyenye karanga.

NEEMA: Hiyo ni kwa sababu ya watoto wenye mzio. Karanga moja tu, mtoto anavimba koo. Hatufanyi mzaha hapo. Mimi natembea na mfuko wa dawa kiunoni kutwa nzima: inhela sita, sindano mbili za mzio, na dawa ya kuzuia kutapika kwenye basi. Usiku naulaza karibu na kichwa.

MWINYI: Na ushungi je? Maana hilo lilikuwa swali letu la pili.

NEEMA: Ushungi hauna shida. Shida ni ncha zinazoning'inia. Mtoto amefungwa mikanda ya kupandia, kamba inapita kwenye vyuma kifuani, kitambaa kikiingia pale ni hatari. Tunawaambia wavae ile ya kubana kichwa, kofia ngumu inakaa juu yake vizuri. Chakula mnajaza fomu mapema. Vyumba, wasichana upande wao, wavulana upande wao, na mwalimu analala kwenye korido katikati.

MWINYI: Analala?

NEEMA: Amesema analala. Usiku wa kwanza hakuna anayelala. Saa nne wanacheka, saa tano wanatupiana mito, saa sita mmoja anaanza kulia, na kilio ni kama miayo, kinaambukiza. Saa saba unakuta wanne wamekaa kitandani, mashavu yamelowa, wa nne hajui hata analilia nini. Hapo huwaambii "nyamaza". Unakaa sakafuni, unawauliza habari za paka wa nyumbani. Usiku wa pili wanaanguka kama magunia, mchezo umewaisha mwilini.

MWINYI: Sasa niulize swali la baba. Nani anawakagua hawa watu wa vituo? Maana mtu yeyote anaweza kununua kamba na mitumbwi akaandika bango.

NEEMA: Zamani ilikuwa karibu hivyo. Machi 1993, wanafunzi wa shule moja ya Plymouth walikwenda na kayaki kwenye ghuba ya Lyme. Upepo ukawasukuma baharini, wakapinduka, na msaada ukachelewa sana. Vijana 4 walikufa.

MWINYI: Inna lillahi.

NEEMA: Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa na kile kituo na mkurugenzi wake wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 1995 bunge likapitisha sheria ya leseni. Na hapa kuna jambo wazazi wengi hawalijui: leseni ile inahusu hatari za asili, yaani maji, miamba, mapango, na safari za milimani mbali na barabara. Mnara wa mbao uliojengwa kituoni, ule unaowatia wazazi kiwewe kwenye picha, haumo kwenye sheria hiyo, unaangaliwa kwa taratibu nyingine za usalama.

MWINYI: Ziwa lenye utulivu ndilo linalotaka leseni.

NEEMA: Mtu wa Lamu unashangaa?

MWINYI: Aa, hapo umenipata. Bahari haina rafiki, hilo nimelijua kabla ya kujua kusoma. Na unajua kitu kilichonichekesha? Binti yangu, mjukuu wa nahodha, amejifunza kushika kafi Wales. Kwenye maji ya baridi ya kukata mfupa, na mkufunzi mwenye ndevu nyekundu. Mama akisikia atavunja kafi.

NEEMA: Lakini mambo haya hata kwetu yalifika zamani.

MWINYI: Yalifika sana. Mjomba wangu alipelekwa Loitokitok akiwa sekondari, kwenye shule ya Outward Bound, ya mafunzo ya porini, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Ile ilianza miaka ya 1950. Waliamshwa alfajiri kukimbia, wanaoga maji ya barafu, mwisho wanapandishwa mlima. Mpaka leo ukimpa chai ya vuguvugu anakwambia, "Mimi nimeoga maji ya Kilimanjaro, usinibembeleze."

NEEMA: Na mzizi wake uko huko huko Wales alikotoka binti yako! Outward Bound ya kwanza ilifunguliwa Aberdyfi, pwani ya Wales, mwaka 1941, katikati ya vita. Mwalimu mmoja, Kurt Hahn, na mwenye meli, Lawrence Holt. Inasimuliwa kwamba Holt aliona meli zikizamishwa, mabaharia vijana wanakufa kwenye maboti ya kuokolea, na wazee wanapona. Vijana wana nguvu zaidi, lakini wanakata tamaa mapema.

MWINYI: Hilo nahodha yeyote angemwambia bure.

NEEMA: Haya, sasa twende kwenye malalamiko. Maana najua soksi si mwisho.

MWINYI: Si mwisho. Kuna ule waya wa kuteleza. Unapanda mnara ngazi sijui ngapi, unafungwa, unajiachia, unapita juu ya bwawa. Shule ikatuma picha za watoto wote wanateleza, midomo wazi. Nikatafuta wa kwangu. Hayupo. Nikatafuta tena. Kumbe alipanda mpaka juu, akafungwa, akaangalia chini, akasema "hapana", akashuka kwa ngazi.

NEEMA: Ukamwambia nini?

MWINYI: Sikumwambia kitu... Haya, nilisema. Nilisema, "Pauni mia mbili, mama, halafu unashuka kwa ngazi?"

NEEMA: Mwinyi!

MWINYI: Najua. Mama yake kaninunia mpaka leo.

NEEMA: Ngoja nikwambie kinachokuwa pale juu, maana nimesimama pale. Ngazi ni nyembamba. Watoto wamepanga foleni kutoka chini mpaka kileleni. Anayeteleza anaondoka upande wa pili, kila mtu anampigia makofi. Anayekataa inabidi ageuke, apite katikati ya wenzake wote, mmoja mmoja, wanajibana ukutani wampishe, na kila mmoja anamwuliza, "Vipi, umeogopa?" Nimeona watoto wameruka kwa sababu tu hawakuweza kuikabili ile ngazi. Wanalia hewani. Halafu picha inatoka vizuri, mdomo wazi, baba anafurahi.

MWINYI: ...

NEEMA: Umenyamaza.

MWINYI: Nafikiria picha zile. Endelea tu.

NEEMA: Kingine alifanya nini?

MWINYI: Mwanzoni nilipata neno moja. "Ilikuwaje?" "Sawa." "Chakula?" "Sawa." Nikasema hizi ni pesa za "sawa". Halafu mambo yakaanza kudondoka kidogo kidogo, tukiwa garini, tukiosha vyombo. Kuna ngazi kubwa imetundikwa, vidato vyake ni magogo, na kila ukipanda nafasi kati ya gogo na gogo inazidi. Wanapanda watatu. Mmoja anapiga goti juu ya gogo, mwenzake anamkanyaga paja, akifika juu anamvuta wa chini. Akanionyesha paja lake, lina alama ya kiatu, bluu kabisa. Akasema, "Huyu ni Mpolandi, mzito sana, lakini tulifika gogo la tano." Anaionyesha kama medali.

NEEMA: Huyo ndiye aliyekataa waya.

MWINYI: Huyo huyo. Sasa dada, rudi kwenye soksi. Wewe mtu wa shule, nipe jibu.

NEEMA: Jibu la kawaida ni kwamba chumba cha kukaushia nguo ni vurugu. Watoto arobaini na nane, soksi tisini na sita kwa siku, zote zimelowa, zote nyeusi. Mtoto anachukua iliyo karibu.

MWINYI: Lakini hizi zilikuwa kavu. Na ni pea kamili. Pea ya nne ina farasi wenye pembe!

NEEMA: Basi umemwuliza mwenyewe?

MWINYI: Nilimwuliza jana usiku. Dada, ahadi kwanza. Wewe uko hapa kama Neema wa kipindi, au kama mfanyakazi wa shule?

NEEMA: Inategemea unasema nini.

MWINYI: Mama yake alimfungia kashata. Za nazi, hazina karanga hata punje, alihakikisha mpaka sufuria. Akazitia kwenye mfuko wa soksi, ndani kabisa ya begi la kulalia, "isije akashinda njaa kwa watu". Mtoto mwenyewe hakujua, akazigundua usiku wa kwanza alipoingiza miguu. Siku ya pili wametembezwa mtoni, soksi zake zote zimelowa, kumbe hakuzitundika, alizirudisha begini na maji yake. Asubuhi ya tatu hana pa kuweka mguu. Chumbani wako sita, wengine mama zao wamewatilia soksi kumi kumi.

NEEMA: Usiniambie.

MWINYI: Kashata moja, soksi moja. Si pea, soksi! Pea ni kashata mbili. Yule wa farasi alibisha bei, akaongezewa kipande.

NEEMA: Damu ya Lamu hiyo.

MWINYI: Na ile iliyobaki alimpa mtoto aliyekuwa akilia usiku. Hiyo anasema haikuwa ya kuuza.

NEEMA: Mimi, kama mfanyakazi wa shule, nimetoka kwenda kuongeza chai, sikusikia hata neno moja. Lakini mwambie mama yake ahakikishe na sukari haikupita kwenye kijiko cha karanga. Na soksi za farasi mzirudishe, kuna mzazi huko anaandika ujumbe kwenye grupu saa hizi.

MWINYI: Ameshaandika. Nimeuona. Nangoja nani atajibu kwanza.