Ganda la risasi: kulikagua, kulirudisha kwenye kipimo, na kujua siku ya kulitupa

Mabibi na mabwana, karibuni. Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa. Ukishafyatua, fataki imekwisha kazi, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake. Linalobaki ni ganda, ambalo mara nyingi ndilo ghali kuliko vyote vinne. Ndiyo maana Marekani watu wengi wanaolenga shabaha hukaa gerejini jioni wakijaza maganda yao upya. Leo nazungumzia ganda hilo, na mfano wangu mkuu ni ganda la raifeli la .308 Winchester, kwa kuwa ni la kawaida na vipimo vyake vinajulikana.

Viwango vya baruti sitavitaja hata kimoja. Mtu akikutajia kiwango kwa mdomo, hata awe bingwa, usikiandike. Fungua kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti hiyo, anza na kiwango cha chini kilichoandikwa humo, upande kidogo kidogo.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, mtu anayejaza risasi za kutumia mwenyewe hahitaji leseni. Akianza kuziuza, anahitaji leseni ya utengenezaji kutoka ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ile ya aina ya 06. Majimbo na miji ina masharti yake juu ya hayo, kwa hiyo ulizeni mnakoishi. Na wale wenye safari za kwenda nyumbani, Kenya au Tanzania: huko hata kukutwa na risasi moja bila kibali ni kosa. Mashine, fataki na maganda viacheni huku.

Sasa, kabla ya lolote, chungulia ndani ya ganda kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya sakafu yake, hilo ni la mfumo wa Boxer, nalo linajazika kwa vifaa vya kawaida: pini ya kwenye kalibu, yaani chombo cha chuma cha kurudishia ganda kwenye kipimo, inapita kwenye tundu hilo na kusukuma fataki ya zamani nje. Ukiona vitundu viwili vidogo pembeni, hilo ni la Berdan, na ukilishindilia pini itapinda au kuvunjika. Cha kuchekesha ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, wote wa miaka ya 1860, lakini Marekani ndiko mfumo wa Boxer ulikotamalaki, na wa Berdan ukashika Ulaya na Asia.

Ganda la kawaida limetengenezwa kwa shaba ya manjano: asilimia 70 shaba nyekundu, asilimia 30 zinki. Mchanganyiko huu una sifa mbili tunazozitegemea. Unatanuka haraka na kuziba chemba, ile nafasi ya bunduki inamokaa risasi, ili gesi isirudi nyuma, kisha unajikunja kidogo ganda lipate kutoka. Na shinikizo si la mchezo. SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha vya Marekani kilichoanza 1926, kimeweka kikomo cha .308 kuwa pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina pauni thelathini na kitu.

Tuangalie kinachotokea katika nukta hiyo. Pini ya bunduki inapopiga fataki, ganda zima linasukumwa mbele mpaka bega lake, pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni, liguse bega la chemba. Baruti inawaka. Kuta nyembamba za mbele zinatanuka na kung'ang'ania chemba. Kitako ni kinene, hakitanuki hivyo, kwa hiyo kinarudishwa nyuma kwa nguvu mpaka kikutane na komeo la bunduki, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Mbele pameshikwa, nyuma panavutwa. Panaponyooka na kuwa pembamba ni kwenye kuta, juu kidogo ya kitako, kama sentimita moja kutoka chini. Nafasi iliyokuwapo kati ya ganda na komeo ndiyo kiasi cha mnyooko.

Hapo ndipo wanaoanza wanapoharibu. Wanachukua kalibu ya kurudisha ganda kwenye kipimo, wanaifunga kwenye presi mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha wanaongeza robo mzunguko "kwa usalama". Hesabu inatisha. Nati ya kalibu za kawaida ina meno 14 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja mzima unashusha kalibu inchi 0.071. Hata nusu ya robo hiyo, yaani moja ya nane ya mzunguko, ni karibu inchi 0.009. Ukisukuma bega la ganda nyuma inchi 0.009, kila mfyatuo utalinyoosha kiasi hicho hicho palepale, na baada ya mara chache kitako kitakatika. Kinachotakiwa kwa bunduki ya komeo la mkono ni bega kurudi inchi 0.001 hadi 0.002 kutoka lilipokuwa baada ya kufyatuliwa. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, 0.003 hadi 0.005, kwa sababu lazima risasi iingie bila ubishi. Inchi 0.002 ni digrii kumi tu za kuzungusha kalibu. Kwa jicho huwezi. Nunua kipimo cha bega kinachofungwa kwenye kalipa (chombo cha kupimia urefu na unene), pima maganda matano yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako, ndipo uanze kushusha kalibu kidogo kidogo, ukipima kila mara.

Ganda linaloelekea kukatika hutoa taarifa. Nje utaona mstari unaong'aa ukizunguka juu ya kitako. Usiuchanganye na alama ya kawaida ya kalibu, ambayo huwa pana na haina kingo. Ili kuwa na hakika, chukua waya wa kubania karatasi, unyooshe, pinda ncha yake iwe ndoano ya milimita mbili, inoe kwa tupa. Ingiza ndoano kwenye ganda likiwa kavu, gusa sakafu, kisha vuta taratibu ukiegemeza ncha ukutani. Ukuta mzima unateleza. Wenye ufa unaanza ndani: ncha itadumbukia kwenye mfereji, utausikia kidoleni kabla jicho halijaona chochote nje. Ganda hilo halina mjadala, na wenzake waliofyatuliwa idadi ileile ya mara wakague wote, si wawili watatu.

Shingo nayo ina ugonjwa wake. Kila ikitanuka na kubanwa tena, shaba inakakamaa. Dalili ya kwanza hutokea kwenye kalipa: maganda yaliyokuwa yakitoka na bega sawasawa yanaanza kutofautiana, kwa kuwa shaba iliyokakamaa inachomoka na kurudi ilikotoka. Baadaye shingo inapasuka kwa urefu. Dawa yake ni kulainisha kwa moto. Mwali wa gesi unaelekezwa pale shingo inapokutana na bega, ganda likizungushwa, kwa sekunde chache. Weka rangi inayoyeyuka kwa nyuzi 400 za Selisiasi ndani ya shingo, na ile ya 230 chini ya bega. Ya kwanza iyeyuke, ya pili ibaki. Zima taa za chumbani: ukiona shingo imeiva nyekundu, umepitiliza, na haitashika kichwa tena. Kulitumbukiza kwenye maji hakulifanyi gumu kama kunavyofanya chuma cha pua, kazi yake ni kuzuia joto lisishuke. Na kitako kisiguswe na moto kabisa. Kitako laini kikifyatuliwa kinaachia, na gesi inarudi usoni pa mfyatuaji. Wapo wanaolainisha maganda kwenye jiko la kuokea mikate. Ganda zima linalainika, kitako pamoja. Hayo ni ya kutupa.

Kuhusu kusafisha, nina onyo moja: usitumie dawa yenye amonia. Jeshi la Waingereza huko India katika karne ya 19 lilikuta maganda ya risasi zake yakifanya nyufa yenyewe majira ya masika. Zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na amonia ya mkojo pamoja na unyevu vilikuwa vikiila shaba iliyobaki na mkazo wa kiwandani. Maelezo ya kisayansi yalitoka 1921. Dawa nyingi za kung'arishia shaba za madukani zina amonia hiyohiyo. Tumia punje za maganda ya jozi au za bunzi la mahindi kwenye mashine ya kutikisa, au maji na sabuni kidogo. Vumbi la mashine hiyo lina ledi iliyotoka kwenye fataki, kwa hiyo iwekwe nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula. Kung'aa kwenyewe hakuongezi shabaha. Ganda safi lililofifia linapiga palepale.

Kabla ya kalibu, ganda la raifeli lipakwe mafuta maalumu. Likikosa mafuta litanasa, utavuta mkono wa presi na ukingo wa ganda utang'oka, na kazi iliyobaki ni ya drili na kifaa cha kuchonga nyuzi za skrubu. Yakizidi, yanakusanyika kwenye kalibu na kuacha bonde kwenye bega. Ndani ya shingo paka kidogo sana, la sivyo tufe la kutanulia linaikwaruza na kuivuta. Maganda yaliyonyooka ya bastola, ukiwa na kalibu ya kabaidi, hayahitaji mafuta.

Urefu upimwe baada ya kalibu, si kabla, maana kalibu yenyewe hurefusha. Ganda la .308 lisizidi inchi 2.015, na hukatwa hadi 2.005. Linalozidi, mdomo wake unabanwa mwisho wa chemba na kukikaba kichwa. Shinikizo linapanda ingawa baruti haijabadilika hata punje. Baada ya kukata, ondoa ncha kali ndani na nje. Mizunguko miwili ya mkono inatosha, usichonge mdomo uwe kisu.

Maganda ya jeshi, yenye alama ya msalaba ndani ya duara, yana mambo mawili. Fataki yake imefungwa kwa pete iliyogongwa, na pete hiyo lazima iondolewe, ama sivyo fataki mpya itaingia upande. Pia kuta zake mara nyingi ni nene kuliko za maganda ya kiraia, nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile italeta shinikizo kubwa zaidi. Panga maganda kwa maandishi ya kitakoni na usichanganye.

Fataki ikae chini ya uso wa kitako kwa inchi 0.003 hadi 0.005. Pitisha kidole kwenye kila ganda: usisikie kinundu. Iliyochomoza, kwenye bunduki ya komeo la mkono, mara nyingi hugoma, kwa kuwa pigo la kwanza linamaliza kuishindilia tu. Kwenye M1 Garand, raifeli ya kijeshi inayojipakia yenyewe, na jamaa zake, ambamo pini huelea bila springi, inaweza kulipuka komeo likiwa halijafunga. Na fataki ikiingia kwa kidole bila kukataa, mfuko wake umelegea. Hiyo ni kumbukumbu ya shinikizo kubwa lililopita. Pamoja nayo tafuta duara ling'aalo kitakoni lililogongwa na kitoa ganda, na komeo lililokuwa gumu kuinua. Fataki iliyosawazika bapa peke yake si ushahidi wa kutosha.

Baruti nitaipitia upesi, ila pasipo mzaha. Mezani liwepo kopo moja tu, na baruti iliyobaki irudi kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Mizani ihakikiwe kwa mawe ya kupimia kabla ya kuanza, mbali na upepo wa feni. Kipimo ni greni, nazo ni 7,000 katika ratili moja, kwa hiyo kosa dogo si dogo. Hatari kubwa iko kwenye risasi ya bastola ya .38 Special: ganda lake liliumbwa zama za baruti nyeusi, na baruti za leo zinazowaka upesi hujaza sehemu ndogo tu. Ukimimina mara mbili haitamwagika, hutajua. Kwa hiyo panga maganda yote kwenye ubao wa matundu, na kabla ya kupachika kichwa hata kimoja mulika tochi ndani ya kila moja ukilinganisha vimo. Kosa la upande wa pili ni ganda lisilo na baruti: fataki peke yake inatosha kukisukuma kichwa na kukikwamisha mtutuni. Ukisikia mlio hafifu, simama, toa risasi zote, pitisha ufito mtutuni. Risasi inayofuata ndiyo inayopasua bunduki.

Kuhifadhi: kanuni ya moto ya Marekani, NFPA 495, inaruhusu nyumbani ratili 20 za baruti kwenye makopo yake ya asili. Zikizidi hapo, hadi 50, ziwe kwenye sanduku la mbao za inchi moja. Fataki zisizidi 10,000. Sanduku hilo ni la mbao makusudi, ili likiungua liachie. Kabati la chuma lililofungwa barabara linageuza baruti kuwa bomu.

Nimeulizwa hapa mbele kama ganda lina idadi maalumu ya kujazwa. Halina. Linategemea shinikizo, chemba na kalibu yako ilivyofungwa. Maganda ya bastola ya shinikizo dogo hudumu kuliko ya raifeli kwa mbali. Andika idadi kwenye boksi, lakini amua kwa ndoano ya waya na kalipa. Na ukishalikataa ganda, libane mdomo kwa koleo mpaka lilale bapa, hapohapo, kabla hujaliweka chini, kwa sababu likiachwa zima mezani, kesho litakuwa limerudi kwenye boksi la wazima.