Figo Ileile, Tiba Mbili Zinazopingana

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi mkisikia aliyepandikizwa kiungo amepata virusi, mnadhani kaambukizwa wodini. Mara nyingi sivyo. Virusi vya BK, kwa mfano, watu wazima walio wengi tumevipata tangu utotoni, vikajibanza kwenye figo na njia ya mkojo, na kinga ya mwili ikavidhibiti humo. Viligunduliwa mwaka 1971 katika mkojo wa mtu aliyepandikizwa figo. BK ni herufi za mwanzo za majina yake.

Aliyepandikizwa figo hana budi kumeza dawa za kushusha kinga, la sivyo mwili utaikataa. Kinga ikishuka, BK huamka: huonekana kwenye mkojo, baadaye kwenye damu, kisha hushambulia figo yenyewe. Na mgonjwa hana homa, haumwi popote! Kinachobadilika ni kreatinini tu, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja; inapanda kidogo kidogo.

Hapo ndipo penye mtego. Kreatinini hupanda vilevile mwili unapoikataa figo. Tatizo likiwa ni kukataliwa, kinga hushushwa zaidi. Likiwa ni BK, dawa hizo hupunguzwa. Ukizichanganya hizi mbili, unaweza kuipoteza figo ambayo mtu aliitoa mwilini mwake. Ndiyo maana nasisitiza kuchukua kipande chembamba cha figo kwa sindano na kukitazama kwa hadubini. Seli zenye BK huwa na viini vilivyovimba, na kipande hicho hupimwa zaidi kuthibitisha kirusi chenyewe. Tena dawa iliyothibitishwa ya kuua BK hatuna, kwa hiyo damu ipimwe kila mwezi katika miezi 9 ya mwanzo, kabla kreatinini haijapanda.

Virusi vingine vinavyowasumbua waliopandikizwa, sitomegalovirusi, ni afadhali kidogo, maana vina dawa, valgansiklovia. Hatari kubwa ni pale mchangiaji anavyo na mpokeaji hajawahi kuvipata. Huyo hupewa dawa ya kujikinga, kwa figo kwa kawaida miezi 6. Akimaliza, homa au kuharisha kusipuuzwe.

Kuna jambo linanitia hofu: mgonjwa akisikia habari hizi, anaweza kujipunguzia vidonge mwenyewe nyumbani. Tafadhali, asithubutu. Hata sisi hupunguza hatua kwa hatua, tukipima kiwango cha dawa, kreatinini na wingi wa virusi kwenye damu, kwa sababu kinga ikirudi kwa kishindo huigeukia figo.