Kufungua injini ndogo mpaka kranki: macho yote kwenye konrodi

Karibuni mezani jamani. Leo tunafungua injini ya silinda moja, aina ile inayofungwa kwenye jenereta na pampu za maji. Hii inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na ukivuta kamba mkono hauhisi mgomo wa kompresheni. Nashuku ringi, zile pete zinazozunguka pistoni. Tunaifungua yote mpaka kranki, yaani shafti kuu inayozunguka, na konrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni. Kuifunga ni video nyingine.

Chomoa waya wa plagi kwanza, kabla ya kugusa kitu chochote. Petroli na oili nimeshamwaga. Tangi, ekzosi na chujio la hewa nimeshatoa. Hizo ni nati tu, hatupotezi muda.

Kwenye kabureta simama. Unaiona hii springi nyembamba na mkono wa gavana, kidhibiti cha kasi ya injini? Mkono una matundu kadhaa, na springi imekaa kwenye moja tu. Piga picha sasa hivi. Ikirudi kwenye tundu lisilo lake, injini itapanda na kushuka bila kutulia, nawe utasumbuka na kabureta isiyo na kosa.

Kava la feni, toa. Koili, toa. Sasa flaiwili, hili gurudumu zito lenye mapezi. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya kranki, usiitoe, maana ndiyo inayolinda nyuzi. Funga pula, kifaa cha kuvutia flaiwili itoke, kaza... haijatoka. Kaza kidogo tena... bado. Siikati sehemu hii, muone inavyokuwa. Usiingize bisibisi nyuma yake kuibenua, mapezi yatavunjika. Acha pula ikiwa imekaza, gonga bolti yake ya katikati pigo moja kavu. Hapo! Mmesikia ule mlio? Imeachia. Kwenye mfereji wa kranki kuna ki, kipande kidogo sana cha chuma. Kikague. Ikiwa kimekatika hata nusu, weka kipya, la sivyo taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapopiga cheche, itahama.

Silinda hedi. Toa kava, roka (mikono inayosukuma valvu) na pushrodi (vijiti vinavyosukuma roka). Pushrodi zichomeke kwenye kadibodi, uandike ipi ya kuingiza hewa na ipi ya ekzosi. Bolti za hedi legeza kwa msalaba, robo mzunguko kila moja, kisha rudia, ili hedi isipinde.

Sasa laza injini, kava la kranki liwe juu, huku chini imekalia mbao mbili. Toa bolti zote, gonga kingo kwa nyundo ya mpira, nyanyua kava sawasawa. Usichokonoe kiungo kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja pale na oili itavuja. Angalia washa (pete bapa) zilizonata upande wa ndani wa kava. Geuza kranki mpaka nukta ya gia yake itazamane na nukta ya gia ya kamshafti (shafti yenye nundu za kufungulia valvu), piga picha, kisha toa kamshafti. Tepeti mbili, vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushrodi, zenye vichwa kama uyoga, zitafuata. Zitie alama, kila moja imezoeana na nundu yake.

Tumefika kwenye konrodi. Hapa punguza mwendo. Kofia ya konrodi, kile kipande cha chini kinachoifunga kwenye kranki, ina upande wake, haigeuzwi. Subiri, mkono wangu unaziba... nasogeza taa. Haya, sasa mnaona. Tazama hii alama ndogo kwenye kofia, na mwenzake kwenye konrodi. Kofia na konrodi vilichongwa tundu vikiwa vimefungwa pamoja, kwa hiyo kofia ya konrodi nyingine haiingii hapa, na hii yenyewe ukiigeuza tundu halitakuwa duara kamili. Itabana kranki, itachoma. Pia kijiko cha kurushia oili kitaelekea kusiko. Kama huoni alama, weka yako kwa kalamu ya rangi KABLA ya kulegeza bolti. Nitasema tena: kabla, si baada. Mimi huweka rangi hata alama zikiwepo, maana oili na masizi huficha mambo.

Bolti mbili zimetoka, kofia imetoka, na naifunga pale pale kwenye kifuko chake na bolti zake. Msiiweke kwenye sinia pamoja na vitu vingine, nawaomba.

Kabla ya kusukuma pistoni, pitisha kidole juu kabisa ya silinda. Mmeona hii pete ya masizi? Ikwangue kwanza, la sivyo ringi zitakwama na kuvunjika. Sukuma kwa mpini wa mbao, ukiongoza miguu ya konrodi isikwaruze silinda. Kuna mshale juu ya pistoni. Piga picha ulikoelekea. Klipu ya pini ya pistoni huruka kwa nguvu, kwa hiyo vaa miwani na ufunike kwa kitambaa unapoichokoa.

Kranki sasa inatoka kwa mkono. Futa pale konrodi inapokaa, upitishe ukucha. Huu wangu unateleza, safi kabisa, inanifurahisha! Ukucha wako ukinasa, usinunue ringi bado. Peleka kranki ikapimwe.

Na ringi zenyewe? Ingiza moja ndani ya silinda, inyooshe kwa kuisukuma na pistoni, tazama pengo la ncha zake. Sogeza kamera... pengo hili ni kubwa mno hata kwa macho. Oili ilikuwa inapita hapa. Pima lako kwa geji ya majani, vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia mapengo, ulinganishe na kitabu cha injini yako.